Kopo la washa

Chini ya meza yangu ya kazi kuna kopo la rangi lililojaa washa, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya bolti, bushi na vipande vya bomba ambavyo sikumbuki vilitoka wapi. Miezi kumi na minne iliyopita lilikuwa nusu. Usiku huu nimelimwaga lote sakafuni kutafuta washa mbili za unene wa milimita 2, nikajikuta nimekaa hapohapo saa nzima bila kutafuta chochote, naitazama pikipiki iliyo mbele yangu na kujiuliza ni wapi hasa ilipo kazi yangu.

Maana ukiikagua vizuri, hakuna kitu changu pale. Fremu ni ya pikipiki iliyokatika konrodi, ule mkono wa pistoni. Injini ni ya Honda CG125 iliyogongwa ubavuni: fremu ikapinda, injini ikapona. Foki za mbele, yaani miguu inayoshika gurudumu la mbele, na gurudumu la nyuma nimevitoa kwenye pikipiki mbili tofauti, zote kubwa kuliko hii. Tangi lina umri wangu au limenizidi. Mwanangu alipoingia gereji mara ya kwanza aliizunguka mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi, kisha akauliza, "Baba, hii inaitwaje?" Nikamwambia bado haina jina. "Basi ni ya nani?" Hapo nikajifanya natafuta bisibisi.

Injini ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote. CG ilianza kutoka mwaka 1976, na wapo wanaoidharau kwa kuwa ni ya vijiti: kemshafti, mhimili unaofungua vali, iko chini, inazungushwa kwa gia, na vijiti viwili virefu ndivyo vinavyopanda juu kusukuma vali. Kwangu hiyo ndiyo sifa. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea na kupiga kelele. Silinda ina kipenyo cha milimita 56.5, pistoni inatembea 49.5, jumla sentimita za ujazo 124, nguvu si ya kutisha mtu. Nilitaka injini ambayo ikininunia usiku wa manane naweza kuifungua kwa spana chache na akili iliyochoka. Niliisafisha, nikabadilisha ringi na gasketi, nikasaga vali, nikaifunga. Imekwisha hiyo.

Tatizo lilikuwa cheni. Nilikuwa nimeshika pikipiki miaka yote hii nikiamini cheni ni cheni tu. Sproketi ndogo ya injini yangu, ile duara ya meno inayoshika cheni, ni ya cheni ya 428. Gurudumu la nyuma lilikuja na sproketi ya 520. Tarakimu ile ya kwanza inahesabu sehemu za nane za inchi, kutoka pini hadi pini: 4 ni nusu inchi, milimita 12.7, 5 ni milimita 15.875. Hakuna cheni duniani itakayolala kwenye meno ya zote mbili. Nikatafuta sproketi ya nyuma ya 428 yenye meno 42, na bila shaka tundu lake la katikati lilikuwa dogo na matundu ya bolti yalikuwa yanaangalia kwingine kabisa.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza vyuma. Shikamoo, marahaba, akaipokea akaigeuzageuza.

"Hii inakwenda wapi?"

"Kwenye kitovu hiki cha gurudumu, Mzee."

"Havijuani hivi."

"Ndiyo maana nimekuja."

Akacheka puani. "Kijana, hujaniletea kazi ya chuma. Umeniletea kazi ya usuluhishi."

Alinifundisha jambo ambalo ningelijua mapema ningejiepusha na aibu nyingi. Mimi nilikuwa nahangaika na matundu ya bolti, nimeyapima na kuyachora kwa kalamu. Yeye hakuyatazama. Alianza na tundu la katikati, akalipanua kidogokidogo, akitoa sproketi kwenye mashine na kuijaribisha juu ya kitovu, akirudisha tena, mpaka ikaingia kwa kusukumwa na viganja viwili na haikucheza. Bolti, alisema, zinabana tu. Kinachoiweka sproketi katikati ni lile tundu. Likiwa na uwazi hata wa nusu milimita, sproketi itakaa upande, na cheni itakuwa inakaza na kulegea, inakaza na kulegea, kila gurudumu linapozunguka. Matundu 6 ya bolti aliyatoboa mwisho, haraka, kama anayetia sahihi.

Nikarudi nyumbani nikiimba. Nikafunga gurudumu, nikalaza rula ya chuma kwenye ubavu wa sproketi ya nyuma kuielekeza kwenye ile ya mbele. Ya nyuma imetoka nje milimita 6.

Milimita sita ni unene wa penseli hivi. Ukiwa mbali huzioni. Lakini cheni inayopinda kiasi hicho hula meno upande mmoja, na ikichoka huruka. Nikafanya ambalo kila mwenye haraka angelifanya: nikakata milimita 6 kwenye bushi ya kulia ya ekseli, nikaongeza milimita 6 kwenye ya kushoto, gurudumu zima likasogea kulia. Cheni ikanyooka kama mstari wa daftari. Nikafunga uzi mrefu kwenye tairi la nyuma, nikauvuta pande zote mbili mpaka mbele, na nikaona nilichofanya. Magurudumu hayafuatani tena. La nyuma linakwenda njia yake, la mbele njia yake, na mimi nitakaa katikati.

Hapo niliacha kwa wiki mbili. Nilifunga mlango wa gereji na nikawa napita kama sijui kuna nini ndani.

Jibu lilikuwa kwenye spoki. Rimu haijashonwa kwenye kitovu ikafa hapo. Inaning'inia katikati ya nguvu mbili. Spoki 36, 18 zinaivuta kushoto, 18 zinaivuta kulia. Ukizilegeza za kulia na kuzikaza za kushoto, rimu inahama kushoto huku kitovu kikibaki palepale. Kwa hiyo kitovu nikakiacha kulia kwa ajili ya cheni, na rimu nikaanza kuirudisha kushoto kwa ajili ya uzi. Robo mzunguko spoki moja, robo mzunguko inayofuata, mpaka nimezunguka rimu nzima, kisha naanza upya. Nilifunga kipande cha waya kwenye fremu, ncha yake karibu na ukingo wa rimu, na nilikuwa nazungusha gurudumu na kusikiliza. Likigusa linasema tss. Ukikaza pale lilipogusa, linahamia pengine. Ukiondoa yumbo la pembeni, linazaliwa la juu na chini. Usiku wa kwanza nilihamisha rimu milimita mbili na nikaiharibu umbo lake. Usiku wa pili nilirekebisha uharibifu wa usiku wa kwanza. Usiku wa tatu nikagonga spoki moja baada ya nyingine kwa spana na zikanijibu karibu kwa sauti ileile, waya haukugusa popote, na uzi ukalala kwenye matairi yote mawili. Ilikuwa saa nane na nusu. Sikuwa na wa kumwambia.

Tukio moja nilipite haraka maana bado linaniuma. Bolti mbili za milimita 10 huweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa meno: moja hatua yake, jino hadi jino, ni milimita 1.25, nyingine 1.5. Ukiweka isiyo yake inaingia mizunguko miwili vizuri kabisa, kisha inakuwa nzito. Uzito ule ni onyo. Mimi niliuchukulia kuwa ni kutu nikaongeza spana ndefu. Tundu lile la kushikia injini limewekwa meno mapya na mzee wangu, ambaye hakusema neno, na kimya chake kilinikata zaidi.

Rafiki mmoja anayependa historia ya pikipiki aliniambia nisijione yatima, mchanganyiko huu una ukoo. Uingereza, kampuni ya pikipiki ya Norton walipotoa fremu ya Featherbed mwaka 1950, vijana wakaona inashika barabara kuliko zote, lakini injini waliyoitaka ilikuwa ya kampuni nyingine, Triumph. Wakaitia humo, na chombo kikaitwa Triton, nusu jina la huyu na nusu la yule. Hadithi nzuri. Ila tangu nianze kazi hii naisikia tofauti. Injini ile haikuwa na mahali pa kushika katika fremu ile. Kati yake na fremu palihitajika mabamba ya chuma au alumini, yaliyochongwa kwa ajili ya kazi hiyo, na mabamba hayo hayamo kwenye jina. Tri ipo, ton ipo. Ya katikati haipo. Na ya katikati ndiyo iliyofanywa na mtu gerejini kwa tupa na msumeno.

Labda hilo ndilo jibu la mwanangu. Nimeorodhesha kichwani: bushi mbili za ekseli, mabamba manne ya injini, kishikizo cha betri, kipande cha alumini kati ya kabureta na silinda ambacho nilikirudia mara tatu kwa sababu kilikuwa kinavuta hewa na injini inapanda yenyewe kama imepandwa na mashetani, ncha ya eksozi, na washa zisizohesabika. Vyote ukiviweka pamoja vinajaa viganja viwili. Hakuna kimoja ambacho mtu angekiokota njiani.

Kisha rangi. Kabla ya kuipaka fremu, pikipiki iliwaka teke la tatu, na moshi ukatufukuza gerejini. Nikaifungua yote, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi, matabaka mawili ya msingi na matatu juu, nikajenga upya kwa adabu kama navalisha bwana harusi. Teke la tatu, kimya. La thelathini, kimya. Plagi haina hata chembe ya moto. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha kofia ya plagi, nikaazima koili nyingine, ile inayokuza umeme wa plagi, nikaishuku CDI, kile kisanduku kinachoamua lini plagi iwake, na nikaitukana bure. Jioni mbili. Jioni ya pili nikachukua mita, nikaweka ncha moja kwenye mwili wa koili na nyingine kwenye injini: hakuna mawasiliano. Rangi yangu nzuri ilikuwa imeingia chini ya koili, chini ya kila bolti ya injini, na umeme ulikuwa hauna njia ya kurudi nyumbani. Zamani ulipita kwenye chuma tupu na kutu, na kutu lile lilikuwa na msaada kuliko usafi wangu. Nikakwangua mduara mdogo pale koili inapokaa, nikavuta waya mnene wa ethi kutoka kwenye injini hadi hasi ya betri, nikapiga teke. Ikawaka la kwanza. Niliogopa hata kucheka.

Sasa imeshatembea, mara nne, haijazidi kilomita thelathini kwa jumla. Usukani ni mzito kwenye kona za polepole kwa sababu foki ni ndefu kuliko zile za asili. Nimeshapitisha mirija yake milimita 30 juu ya vibano na imepunguza, haijamaliza. Breki ya nyuma ni nzuri kuliko inavyostahili. Ukifika gia ya nne, injini ikiwa imetulia, kuna mtetemo unapanda kwenye kiti, unafika kifuani, unakaa. Mwanangu bado hajaipa jina. Anaiita "ile".

Na kila nikipita tuta, kikinga cha cheni kinagusa cheni. Tik. Kimeacha mstari mmoja wa kung'aa kwenye rangi yangu ya matabaka matano. Ndiyo maana ya kopo kumwagwa: washa moja ya milimita 2 chini ya kila bolti ya kikinga, mbili tu, kitoke nje kidogo.

Ya kwanza nimeipata. Ya pili haipo. Ipo moja ya milimita 2 na nusu, kwa hiyo nimebandika karatasi ya msasa juu ya kioo, nimeilaza washa hapo na ninaisugua kwa kidole kimoja, duara kwa duara. Napima. 2.3. Kidole kimepata moto. Naigeuza upande wa pili, nasugua tena.