Mto Morogoro, kalamu ya TDS na chandarua kuukuu: kumbukumbu za miezi minne

Agosti, wiki ya pili

Mradi huu umeanza kwa kununua kitu nisichokielewa. Nilikuwa Kariakoo kwa shughuli nyingine, nikaona kalamu ya TDS, muuzaji akaniambia inapima usafi wa maji. Nikalipa. Nimefika Morogoro, nimesoma kikaratasi chake, kumbe haipimi usafi hata kidogo. Inapitisha umeme mdogo kati ya pini mbili, inaangalia maji yanaupitisha kiasi gani, kisha inakisia chumvi na madini yaliyoyeyuka, miligramu kwa lita. Kinyesi haikioni. Tope hailioni. Dawa ya kunyunyizia nyanya ndiyo kabisa.

Hata hivyo nimeizungusha. Mto Morogoro kule juu, kwenye njia ya kupandia Morningside, mlimani Uluguru: 24. Mto huohuo ukishapita katikati ya mji: 96. Kisima cha jirani yangu: 610.

Pale mjini alikuwepo mama mmoja anafua, akaniuliza, "Kaka, hicho kikalamu kinakwambia nini?" Nikamwonesha namba, nikamtajia na ile ya kisima. Akacheka. "Hilo mbona tunalijua. Ya mto ukigusa sabuni tu, povu. Ya kisima unamaliza mche mzima na nguo bado." Ni kweli tupu. Kalsiamu na magnesiamu ndiyo yanayokataza povu, na ni sehemu ya kile kinachohesabiwa na kalamu kwenye maji ya kisima. Yeye kipimo chake ni mche wa sabuni, mimi nimetoa hela.

Agosti, wiki ya nne

Nimeongeza vitu viwili: kipimajoto, na bomba la plastiki angavu la mita moja. Chini ya bomba nimebandika alama nyeusi na nyeupe. Unajaza maji, unachungulia kutoka juu, unayapunguza taratibu mpaka alama ionekane, unasoma urefu wa maji yaliyobaki. Ni mdogo wake ile sahani ya Padri Angelo Secchi, Mwitaliano aliyeishusha baharini mwaka 1865 kuona inapotelea kina gani. Ziwani sahani inafaa; kwenye mto wa magotini ingegonga mawe kabla haijapotea, ndiyo maana watu wa mito wanatumia bomba.

Juu alama inaonekana hata bomba likijaa. Mjini, sentimita 71.

Joto: juu 19.5, mjini 27. Nilidhani ni jambo dogo, sasa naona ndilo linaloendesha mengine. Maji yenye nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9.1 kwa lita yakiwa usawa wa bahari. Yakifika 28 hayavuki 7.8. Kwa hiyo mto ukipoteza miti ya kingoni na jua likaupiga, umeshanyang'anywa pumzi kabla mtu hajamwaga chochote. Kipima oksijeni chenyewe bei yake siiwezi kwa sasa.

Jingine: nimejifunza kuandika saa. Kwenye vidimbwi vyenye mwani, mchana mwani unavuta hewa ukaa na kutoa oksijeni, basi oksijeni inapanda na pH (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua) inapanda nayo. Alfajiri vyote viko chini. Ukipima juu saa mbili asubuhi na mjini saa tisa mchana, umelinganisha saa, hukulinganisha mto. Vipimo vyangu vya mwanzo vyote vina kasoro hiyo. Nimeviacha daftarini, nimeviwekea duara.

Septemba

Vipimo vyote hivyo vinasema maji yalivyo dakika ile ninapochota. Mtu akimwaga uchafu usiku, asubuhi nitakuta mto unatabasamu. Ndipo nikahamia kwa wadudu, maana wao wamelala humohumo wiki hadi miezi.

Njia ninayotumia ni miniSASS, iliyorahisishwa kutoka SASS ya Afrika Kusini, njia ya kuupa mto alama kwa wadudu wanaoishi ndani yake, ili mtu asiye mtaalamu aitumie. (Tanzania tunayo yetu ya kitaalamu, TARISS, iliyotokana na hiyohiyo SASS, inataka umjue mdudu mpaka familia yake, mimi bado.) Kwenye miniSASS makundi ni 13, kila moja na alama zake. Minyoo 2, ruba 2, mabuu ya nzi na mbu 2, konokono 4, kereng'ende wembamba 4, mbawakawa na jamaa zake 5, kaa 6, kereng'ende wanene 6, trikoptera (wadudu ambao wengi wao hujijengea vibanda) 9. Mkubwa wao ni plekoptera, mdudu wa chini ya mawe mwenye mikia miwili: 17 peke yake, kwa sababu anataka maji baridi yenye oksijeni tele, akikosa anapotea. Unajumlisha alama za makundi uliyoyaona, unagawa kwa idadi ya makundi. Kwa mto wa mawe, ukizidi 7.9 mto uko katika hali yake ya asili. Chini ya 5.1 ndiyo ngazi ya mwisho kabisa.

Wavu nimeushona kwa chandarua kuukuu na fremu ya mbao. Beseni ni kopo jeupe la aiskrimu. Nimevaa gambuti, na hilo si mbwembwe: penye maji yaliyotulia na konokono, kichocho hakiko mbali.

Kule juu nimevuruga mawe dakika tano. Beseni limechangamka! Kaa, plekoptera wawili, efemeroptera, wadudu ambao wengi wana mikia mitatu, wa aina zote mbili (wale wenye umbo la kidagaa, alama 5, na wengineo, 11), trikoptera na kibanda chake, kereng'ende mnene, mbawakawa. Jumla 59 kwa makundi 7, yaani 8.4. Nilikuwa nafunga vitu niondoke, nikaona buu moja la nzi limeng'ang'ania pembeni ya kopo. Alama 2. Jumla ikawa 61 kwa 8: 7.6. Nimeshuka ngazi nzima kwa buu lisilofika urefu wa punje ya mchele. Nakiri nililitazama muda mrefu nikitamani liwe uchafu tu. Nimeliandika.

Septemba, Jumamosi ya mwisho

Kituo cha mjini. Minyoo, ruba, konokono, mabuu mekundu ya nzi, efemeroptera wa umbo la kidagaa, kereng'ende mwembamba, mbawakawa. Wekundu wa yale mabuu ni hemoglobini, kama damu yetu. Ndiyo inayowawezesha kukaa kwenye tope lenye oksijeni haba. Ukiyakuta mengi peke yake, ujue wenzake wameshahama.

Halafu mshangao: mdudu wa mikia miwili. Mikia miwili ni plekoptera. Jumla 41 kwa makundi 8, sawa na 5.125. Mji wangu umeponea unyoya juu ya ngazi ya mwisho! Nikawatumia marafiki picha.

Oktoba, wiki ya pili

Naufuta ule mshangao.

Nilikuwa nimerekodi video kwa simu kupitia lenzi ya kubana. Leo nimeitazama polepole. Ubavuni mwa tumbo la "plekoptera" wangu kuna vijani vinapepea. Hayo ni matamvua, anapumulia, na kuwa nayo tumboni namna ile ni desturi ya efemeroptera; plekoptera wangu wa kule juu wanayo kwapani, kama vishada vya manyoya. Ukucha nao: huyu ana mmoja kila mguu, wale wana miwili. Ni efemeroptera aliyekatika mkia, pengine kwa wavu wangu mwenyewe. Tena wapo jamaa zake wenye mikia miwili tangu asili, kwa hiyo kuhesabu mikia peke yake ni kujitafutia aibu.

Kundi lake nilikuwa nimeshalihesabu. Bila yeye: 24 kwa 7, yaani 3.4. Mkia mmoja uliokatika ulikuwa umeupandisha mto kutoka 3.4 hadi 5.125. Nimewaandikia wale marafiki wote. Mmoja amejibu kwa kicheko tu.

Kanuni mpya: alama 17 haiandikwi bila video ya tumbo na kwapa.

Novemba

Vuli imeingia. Baada ya mvua ya siku tatu nimekwenda mjini bila wavu. Mafuriko hukomba wadudu na mawe yao, ukihesabu siku hiyo unahesabu mvua. Nimechukua bomba na kalamu tu.

Bomba: sentimita 9. Maji rangi ya chai ya maziwa, chupa na majani ya migomba yanapita. Kalamu: 61. Mara ya mwisho ilikuwa 96. Yaani siku mto ulipokuwa mchafu kuliko siku zote tangu nianze, kalamu imeupa namba nzuri kuliko zote za kituo hicho, kwa kuwa mvua imezimua chumvi. Natamani yule muuzaji angekuwa kando yangu.

Tope lenyewe nimelifuata kwa mguu kupanda mto. Lilianza kupungua nilipoyapita mashamba ya mboga yaliyolimwa hadi kwenye ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za namna hiyo zikae mita 60 kutoka mtoni. Nilipima kwa hatua bustani moja ya mchicha: hatua nne.

Hapo ndipo nitaweka kituo cha tatu, kati ya juu na mjini. Nimeshachagua mawe, na mwenye bustani ameniruhusu kupita, kwa sharti nisikanyage matuta. Nangoja maji yatulie angalau wiki kadhaa, wadudu warudi, kisha niingie saa mbili asubuhi kama vituo vingine. Wavu umechanika kona moja. Chandarua kingine nimeshaomba kwa dada yangu.