Kula hotelini Lamu: agiza asubuhi, ule usiku

Mgeni akishavuka kutoka uwanja wa ndege wa Manda, huuliza samaki wa kupaka kabla hata ya kufungua begi. Haki yake. Kosa ni saa anayoagiza. Anaketi hotelini saa mbili usiku (hoteli ya huku ni pa kula, si lazima pawe na vitanda), njaa imembana, naye anataka sahani mezani baada ya robo saa. Ataletewa samaki wa kukaanga aliyemiminiwa mchuzi wa nazi. Huyo si wa kupaka, ni wa kumwagia.

Samaki wa kupaka hana njia ya mkato. Changu au tewa wa kilo moja hupasuliwa, akasingwa tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, chumvi na ndimu, kisha akalazwa kama saa moja viungo viingie. Kwenye makaa anataka dakika 25 hadi 30. Pembeni tui zito linapikwa na bizari na ukwaju, mwiko hautoki, maana likiachwa lichemke kwa moto mkali hukatika: mafuta juu, maji chini. Likishakuwa zito kama uji ndipo samaki hupakwa, akageuzwa, akapakwa tena, mara tatu au nne, mpaka nazi imshike na kuungua kidogo pembeni. Hesabu mwenyewe, ni saa mbili hivi. Kwa hiyo pita asubuhi, sema mtakuwa wangapi na mtakula saa ngapi, uache malipo ya awali kidogo. Mpishi atamnunua samaki akijua ni wa nani.

Hapo hapo maliza habari ya bei. Samaki mzima na kamba mawe mara nyingi huuzwa kwa uzito, na kwenye menyu utakuta tu “bei ya leo”. Omba wapimwe mbele yako, uulize kama ni uzito wa kabla ya kuparwa au baada. Samaki mzima akitolewa matumbo, kichwa na miiba, nyama ni karibu nusu, basi mtu mmoja mwekee gramu 400 hadi 500. Kamba mawe ni mbaya zaidi: thuluthi moja tu ndiyo nyama, mengine ni gamba unalolipia. Uliza pia kama wali wa nazi na kachumbari vimo, na kama VAT ya asilimia 16 imeshajumlishwa. Ugomvi mwingi wa bili unaanzia kwenye maswali haya ambayo hayakuulizwa.

Kusi, yaani upepo wa kusini, likikaza, hasa Mei hadi Julai, bahari kuu huchafuka na vyombo vidogo havitoki. Menyu haibadiliki, ila samaki anatoka kwenye friza. Miezi hiyo afadhali kaa wa mikoko, kwa kuwa yeye huvuliwa ndani ya vijito, si nje ya mwamba. Mbonyeze gamba la tumboni: likiingia ndani, ametoka kujivua gamba, amejaa maji kuliko nyama. Mrudishe bila haya.

Jodari mtu asimfanyie mzaha. Akikaa juani bila barafu hujenga histamini, kemikali inayodhuru, na moto hauiondoi hata akiungua mkaa. Dalili iko kwenye tonge la kwanza: ulimi unawasha kama pilipili manga na hakuna pilipili iliyotiwa. Acha hapo hapo. Ukiendelea, uso utawaka na kichwa kitagonga kabla hujaondoka mezani. Pweza na ngisi kosa lao ni la utafunaji tu. Pweza asiyechemshwa vya kutosha ni kandambili. Ngisi ni dakika mbili tatu motoni au mchuzi wa muda mrefu, katikati ya hapo ni mpira.

Mahamri na mbaazi za nazi vifuate mapema Usita wa Mui, njia kuu ya mjini, kabla havijaisha. Biriani ni ya Ijumaa mchana, lakini wakati wa sala milango mingi hufungwa, kwa hiyo agiza sahani yako mapema. Ramadhani hoteli nyingi za mjini hazipiki mchana. Subiri magharibi, na utakula vizuri kuliko miezi mingine. Pombe usiitafute kwenye hoteli za kawaida za mjini, hazina.

Na ukiagiza chakula Shela, kijiji cha jirani, huku umelala Amu, yaani Lamu mjini, tazama mwezi kwanza. Njia ya ufukweni ni kama kilomita tatu, dakika 40 hivi kwa miguu, na maji yakijaa kuna sehemu hazipitiki. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa kama saa kumi au kumi na moja jioni, hivyo unaenda kwa boti na saa nne usiku unaweza kurudi kwa miguu. Maji mafu, siku za nusu mwezi, ni kinyume: usiku ndio yamejaa. Patana na nahodha nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, umwambie na saa ya kuja kukuchukua, kwa sababu usiku wa manane bei anapanga yeye.