Mpe kazi, usimpe kiti

Kwa miaka mingi chama chetu cha wahandisi kiliwapokea wahitimu wapya kwa hotuba. Wanakaa nyuma, wanapiga makofi, wanapotea. Sisi wakongwe tunabaki kulalamika kwamba vijana hawana moyo.

Mwaka jana nilimkabidhi binti mmoja, miezi minne tu tangu ahitimu, kazi ya kupanga ziara ya kwenda kuona zege la daraja likimwagwa. Alinipigia simu mpaka nikachoka: kofia ngumu, buti, nani asaini barua. Siku yenyewe, koni ya kupimia ulaini wa zege bichi ilipoinuliwa, aliona zege limeshuka zaidi kuliko alivyotarajia. Akamwuliza mhandisi mkazi, yaani msimamizi wa ujenzi pale, mbele ya watu, kama maji hayakuzidi. Mzee alicheka, kisha akamweleza kwa nusu saa nzima. Kikao kilichofuata alikuja na wenzake wanne.

Ada ya uanachama nayo? Vyama vingi huwapunguzia wahitimu, ila hakuna anayewaambia. Mimi huwaambia pia waanze mapema kuandika kumbukumbu za kazi na kuzisainisha, maana usajili wa mhandisi hudai miaka ya uzoefu chini ya msimamizi, na msimamizi akihama, utamtafuta sana.

Halafu tunasahau kwamba Institution of Civil Engineers, chama cha wahandisi ujenzi cha Uingereza, ilianzishwa London mwaka 1818 na vijana, mkahawani. Thomas Telford, mhandisi mkongwe, aliitwa kuwa rais wake miaka 2 baadaye.

Yule binti sasa ananidai funguo za ofisi. Nimempa.