Siku ya 74: bega limeachia

Nafanya mazoezi ya kiganja cha chuma, mbinu ya kung fu ya kukomaza mkono kwa kupiga mfuko kila siku. Jana usiku mfuko ulilia nilivyotaka ulie. Kwa siku zaidi ya 70 nilikuwa nasikia "paa!" ya kofi. Jana ikatoka "ndu", nzito, ya chini, kama gunia la mchele linapotua sakafuni, na stuli iliyobeba mfuko ikatikisika mpaka miguuni. Nikapiga tena, ikatoka tena. Nikamaliza mapigo yangu, nikapaka dawa, na leo naandika.

Mpangilio ni huu: mfuko wa turubai, choroko kilo 4 ndani, kupiga kwa kiganja, mgongo wa kiganja na ubavu wa mkono, kuchua mkono kwa dawa kabla na baada, siku 100 kabla ya kubadili kilichomo ndani. Nataka kuandika habari za bega, maana bega limenila wiki saba nzima.

Kwenye kiganja cha chuma mkono unaangushwa, hausukumwi. Mtu wa kilo 70, mkono wake mzima una kilo tatu na nusu hivi, na uzito huo ukiachiwa wote unatosha kabisa. Wachina wana neno lake, song: viungo vimefunguka, hakuna msuli unaoshikilia, na bado umesimama wima. Neno nilikuwa nalo tangu wiki ya kwanza, hata wenzangu wawili nimewafundisha. Mwilini halikuwemo. Kiganja kikibakiza upana wa vidole vinne kuufikia mfuko, bega la kulia linapanda. Kidogo tu, huwezi kulisikia. Nililiona nilipojirekodi kwa simu na kuipunguza kasi video: bega linapanda, shingo inakaza, kiganja kinafika kikavu kama ubao, mfuko unakirudisha juu. Ndiyo maana maumivu yalikuwa yanakaa kwenye kifundo cha mkono badala ya nyama ya kiganja.

Nilijaribu kila kitu. Nilikata miguu ya stuli sentimita 10. Nilipiga nikiwa nimefumba macho. Nilipunguza mapigo kutoka 150 hadi 60. Nilitoa pumzi kabla, nikaitoa wakati wa kupiga, nikaitoa baada. Nikiliamrisha bega litulie, linatulia mapigo mawili, la tatu linapanda. Kuna usiku nilikasirika nikapiga kwa nguvu zangu zote, na asubuhi sikuweza kufungua chupa ya maji. Msifanye hivyo. Maumivu yakiingia kwenye kiungo, siku hiyo imeisha.

Sasa, juzi maji yalikatika mtaani. Nilipandisha ndoo za lita 20 ghorofa ya tatu, safari kumi na mbili. Usiku mikono ilikuwa inaning'inia tu. Nilitaka kulala, ila sikutaka kuvunja hesabu ya siku, nikainua mkono nikauachia. Pigo moja tu, katikati ya mengine, lilitoa ile "ndu". Sikuelewa. Nililala nikiliwaza, alfajiri nikapata jibu: bega lilikuwa limechoka kushikilia. Halikuwa na nguvu za kupanda.

Kwa hiyo jana sikungoja ndoo. Nilisimama zhan zhuang, yaani kusimama tuli kama nguzo, dakika 25, mikono mbele ya kifua kama nimekumbatia mtungi, mpaka mabega yakatetemeka, yakaungua, kisha yakashuka yenyewe. Ndipo nikaenda kwenye mfuko. Mapigo 60, hamsini na kitu yalikuwa yale ninayoyataka. Miezi yote hii kusimama nilikuwa nakufanya mwisho, kama kupoza mwili. Nilikuwa nimeweka nyuma kinachotakiwa kuwa mbele.

Laozi, mwenye hekima wa kale wa Watao (wafuasi wa falsafa ya Dao ya China), katika sura ya 76 ya kitabu chake anasema mtu akiwa hai ni laini na akifa hukakamaa, na miti na majani ni hivyo hivyo. Nilikuwa naisoma kama mawaidha. Sasa kila nikisimama naisikia begani. Sidai kwamba kiganja cha chuma ni mali ya Watao peke yao. Gu Ruzhang, bingwa wa kiganja cha chuma, yule wa picha ya kuvunja rundo la matofali, aliyeshuka kufundisha Guangzhou, kusini mwa China, mwishoni mwa miaka ya 1920, alikuwa mtu wa Shaolin ya Kaskazini, mtindo mwingine wa kung fu. Lakini namna ya kulegea nimeipata upande wa Watao, na bila hiyo ningeendelea kujiumiza.

Kuhusu mfuko: jinzi hapana. Inavutika, choroko zinakimbilia pembeni, unapiga stuli. Turubai nene, mshono mara mbili, kwa fundi wa mabegi. Na choroko zikianza kuvuja unga, badilisha zote. Za kwanza nilichelewa, fukusi wakaingia.

Mpango ulikuwa niandae mfuko wa kokoto wiki hii. Nimeuacha, kwa sababu nimezama kwenye dawa ya kuchulia. Die da jiu, yaani pombe ya kuanguka na kupigwa, karibu kila mapishi yana ru xiang na mo yao. Nikatafuta ni nini: ubani na manemane! Miti yake inaota Somalia na kusini mwa Uarabuni, na Wachina wamekuwa wakiagiza tangu zama za majahazi. Nikaenda Kariakoo. Mzee wa duka akaniuliza, "Wa kufukiza au ubani maka, mwanangu?" Nikamwambia wa kuloweka, wa kuchulia mkono. Akanichagulia punje nyeupe moja moja.

Utomvu unanata kwenye kinu, kwa hiyo ulaze kwanza kwenye friza, utapondeka kama chumvi ya mawe. Tumia spiriti, maji peke yake hayauyeyushi wote. Mapishi yenye cao wu, mzizi wa mmea wa akoniti, nimeyakataa: ni sumu, na inapita hata kwenye ngozi.

Chupa iko chini ya sinki, imeandikwa tarehe na "SI YA KUNYWA". Bega la kushoto bado linapanda. Leo nimesimama dakika 30 kwa ajili yake, na kati ya mapigo 60 nimepata manne.