Mwezi mzigo ulipokwama Nakonde

Vyuo vilifungwa Machi 2020, nami nikarudi nyumbani Mbeya na begi la nguo chafu. Mei jamaa mmoja wa Dar akanipa kibarua: kuzungukia wafanyabiashara ishirini, Mwanjelwa, Kabwe hadi Uyole, na dodoso la ukurasa mmoja. Ofisi yao ilikuwa inajaribu kutengeneza faharasa ya kila mwezi, yaani namba moja ya kuonyesha kama biashara inakua au inasinyaa, kwa mtindo wa Marekani. Maswali matano: oda mpya, uzalishaji, wafanyakazi, muda wa mzigo kufika, na akiba iliyopo stoo. Shilingi ngapi, huulizi. Unauliza tu kama imepanda kuliko mwezi uliopita, iko vilevile, au imepungua.

Kutouliza pesa kulinisaidia, maana mwenye duka akiona kijana na karatasi anawaza kodi. Hata hivyo nusu yao walinijibu "kawaida tu, tunamshukuru Mungu." Nikaandika "vilevile", ingawa wengine walisema hivyo huku wakipangusa vumbi kwenye mali isiyotoka.

Uyole kulikuwa na mama mmoja anayechanganya chakula cha kuku. Mlangoni ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni, kama kila mahali mwezi ule. Ndani pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa. Nilimkuta amechota mchanganyiko kiganjani, anaupuliza taratibu. Pumba ikaruka, kikabaki kidogo sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaona hiki? Soya hamna humu. Kuku atashiba, yai hatatoa."

Mashudu yake ya soya yalitoka Zambia. Mei 11 Rais wa huko, Edgar Lungu, aliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, kwa ajili ya korona, na lori lenye mzigo wake lilikuwa upande wa pili, kwenye foleni. Oda zimepungua. Uzalishaji umepungua. Akiba imepungua. Vijana wake wawili bado anao: vilevile. Mzigo?

"Umechelewa, mwanangu! Andika kwa herufi kubwa."

Usiku, baridi ya Mbeya mnaijua, nikajifunika blanketi na kuanza kujumlisha. Hesabu yenyewe si ngumu. Unachukua asilimia ya waliosema imepanda, unaongeza nusu ya asilimia ya waliosema vilevile. Hamsini maana yake hakuna kilichosogea. Juu yake mambo yanakua, chini yake yanasinyaa. Kisha vipengele vitano unavitafutia wastani. Ila kwenye mzigo maelekezo yalisema kinyume: aliyechelewa ndiye anayehesabiwa amepanda. Nikajua wamekosea kuchapa. Nikampigia jamaa.

"Hawajakosea," akasema. "Viwanda vikiwa na kazi nyingi, wanaoleta malighafi wanazidiwa, mzigo unachelewa. Kuchelewa ni dalili ya biashara kuchangamka."

"Kaka, huyu mama mpaka umefungwa."

"Najua. Usibadilishe jibu la mtu. Andika pembeni kwenye maoni."

Nikampigia mama hesabu yake peke yake, jambo ambalo mtakwimu yeyote angenicheka. Oda sifuri, uzalishaji sifuri, wafanyakazi hamsini, mzigo mia, akiba sifuri. Wastani thelathini. Kuchelewa kungehesabiwa kuwa ni shari, angepata kumi. Yaani lori lililomkausha stoo ndilo lililompa alama ishirini.

Baadaye nikagundua hata wenye mtindo wao yaliwakuta. Faharasa ya viwanda ya ISM, taasisi ya wataalamu wa ugavi ya Marekani, Aprili 2020 ilikuwa 41.5. Oda mpya zilikuwa 27.1, lakini kipengele cha mzigo kilifika 76, kwa sababu hiyohiyo: watu wamefungiwa, bidhaa hazitembei. Mwanauchumi mwenye akili anakisoma pembeni. Mwenye haraka anasoma namba moja ya juu na kwenda kulala.

Juni nikarudi Uyole. Magunia ya soya yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari, na mmoja wa vijana alikuwa juu yake anakula muhindi wa kuchoma. Nilikuwa nimeshamweleza mama habari ya alama kwa simu; kosa langu, kwa kweli, maana mhojiwa hapaswi kujua jibu lipi linapandisha.

"Uzalishaji?"

"Umepanda. Ila usiandike nimepona. Bado sijafika nilipokuwa Februari."

Kisanduku cha Februari hakikuwepo. Nikaandika umepanda.

"Na mzigo, mama?"

Akanitazama, akamtazama kijana wa juu ya magunia, akacheka mpaka akashika mizani.

"Umefika haraka. Sasa hapo si ndiyo unanikata alama? Au niseme umechelewa kidogo, nikusaidie?"

"Sema kweli tu, mama."

"Haya. Haraka." Akachota soya, akanimiminia kiganjani. "Na hii uiandike wapi?"