Kamera niliyoichagulia lenzi za mzee wa Ujiji

Kwangu lenzi zilitangulia, kamera ikafuata. Mzee mmoja wa Ujiji aliyepiga picha za harusi na vitambulisho enzi za filamu alikuwa anauza vifaa vyake, nikachukua lenzi mbili: Helios 44-2 ya Kisovieti, milimita 58, f/2 (f ni namba ya tundu linalopitisha mwanga; namba ikiwa ndogo tundu ni pana), na Pentacon ya Ujerumani Mashariki, milimita 50, f/1.8. Zote hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, aina iitwayo M42 kwa sababu uzi wake una kipenyo cha milimita 42. Nilimwamkia, nikakaa barazani, nikaomba ruhusa ya kumulika vioo kwa tochi ya simu kutafuta ukungu wa kuvu. Unyevu wa kando ya ziwa hauna huruma na lenzi iliyofungiwa kabatini.

"Angalia utakavyo, mwanangu," akasema. "Hizo zimeona maharusi wengi kuliko wewe."

Helios ilikuwa safi. Pentacon ilikuwa na chembe za vumbi ndani, na vumbi kidogo la namna hiyo halionekani kwenye picha, kwa hiyo halikunipunguzia hamu. Namba ya Helios inaanza na 77. Kwa lenzi hizi tarakimu mbili za mwanzo mara nyingi ndizo mwaka wa kutengenezwa.

Kamera ninayofanyia kazi ni Nikon ya kioo, yaani DSLR, yenye kioo ndani kinachopeleka picha kwenye kitazamio, na hapo ndipo shughuli ilipoanzia. Kila aina ya kamera ina umbali wake kati ya pale lenzi inapokaa na pale picha inapoangukia. M42 inataka milimita 45.46. Nikon ina 46.5. Yaani hata kabla hujaweka adapta, pete ya kuunganisha lenzi na kamera, lenzi imeshakaa mbele kupita inavyotakiwa. Milimita moja tu na ushee, lakini nenda nayo ufukweni Kibirizi uone. Nilimpiga picha mama mmoja akigeuza dagaa wake juani: kucha, mchanga, macho ya dagaa, kila kitu kimekata, kiko wazi kabisa. Nikainua kamera kuelekea mitumbwi na milima ya Kongo ng'ambo, nikazungusha pete mpaka ikagoma, na milima bado ni moshi. Zipo adapta zenye kioo kidogo cha lenzi katikati cha kurekebisha hilo. Sikuzitaka. Sioni faida ya kununua lenzi nzuri halafu kuipitisha kwenye kioo cha bei ya soda.

Canon za kioo zina milimita 44, kwa hiyo adapta nyembamba inatosha na mbali panaonekana vizuri. Nilijaribu ya rafiki yangu mwenye studio Mwanga, hapa Kigoma. Tabu yake ni kufokasi. Ukibana tundu la lenzi hadi f/8, kitazamio kinaingia giza, na ukiliacha wazi kwenye f/2 hakikuonyeshi kwa uhakika kama jicho la mtu limekata au ni sikio. Unaweza kutumia skrini ya nyuma, ila saa sita mchana Kigoma skrini hiyo unaiona kivuli tu. Mwenye bajeti ndogo na anayepiga zaidi ndani, achukue hiyo, nami simcheki.

Zikabaki mirolesi, zisizo na kioo ndani. Sony umbali wake ni milimita 18, Fuji 17.7, Nikon Z 16, Canon RF 20. Kwa Sony adapta inakuwa bomba tupu la kama milimita 27, halina kioo wala waya, bei yake ya kawaida. Na kitazamio chake ni cha kielektroniki, kwa hiyo ukibana tundu kinajiongezea mwanga chenyewe.

Swali lililofuata ni ukubwa wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Kwenye APS-C, yaani sensa ndogo, milimita 58 inabana kama 87. Barabarani sawa, lakini jaribu kupiga familia sebuleni: unarudi nyuma mpaka mgongo unagonga ukuta, na shangazi bado yuko nje ya picha. Isitoshe, ule mzunguko wa majani nyuma ya mtu ambao watu wanaipendea Helios uko pembeni, na sensa ndogo huukata. Nikaamua fulu fremu, sensa kubwa kama fremu ya filamu.

Sony A7 ya 2013 ndiyo nafuu zaidi, na ni nzuri. Nikaongeza hela nikachukua A7 II, ya 2014, iliyotumika, kwa sababu sensa yake inatulizwa ndani ya mwili wa kamera. Hata lenzi ya miaka ya sabini inanufaika. Napenda kupiga jioni, wavuvi wa dagaa wanapoandaa taa. Mtikisiko wa mkono wangu unapungua, ingawa mvuvi anayetembea atatoka na ukungu wake vilevile. A7 III sikuiuliza mara mbili.

Kamera ilikuwa Dar. Nilimtuma ndugu yangu apige ukuta mweupe kwa f/16 anitumie picha, madoa ya sensa yaonekane, na atikise lenzi aone kama pale inapofungia pamelegea. Ilipofika niliifungulia ruhusa ya kupiga bila lenzi, maana haitambui bomba kama lenzi, kisha nikaiandikia urefu wa lenzi ili ule utulizaji ufanye hesabu sahihi. Rangi ambazo kamera hung'arisha kwenye kingo zilizofokasi zinasaidia kuanzia f/4 hivi. Kwenye f/2 zinadanganya, kuza picha kwanza.

Pentacon yangu ina kipini nyuma ambacho lazima kisukumwe, la sivyo tundu linabaki wazi hata pete ikiwa kwenye f/11. Ulizia adapta yenye ukingo wa ndani unaokikandamiza. Helios 44-2 haina kipini, ina pete mbili za mkono, moja ya kuweka kikomo na nyingine ya kufungua na kubana.

Betri za A7 II zinaisha upesi, natembea na za akiba. Kwenye harusi bado Nikon ndiyo inayokimbizana na watu. Helios inatoka bibi harusi akishakaa.