Kulima ruksa, kuuza hapana

Muhula huu wote darasa letu limekuwa na ubishi mmoja. Sisi wa uzamili wa sheria ya ardhi ni wachache, karibu wote tuna kazi, tunasoma jioni na Jumamosi, na kila kipindi kinaishia palepale: ikiwa ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, raia ana nini hasa mkononi?

Shahada ya kwanza jambo hili tulilipita mbio. Mwalimu alitaja sheria ya Mwingereza ya 1923 iliyoiweka ardhi chini ya Gavana, akataja mwaka 1963 ambapo umiliki wa kudumu waliouacha wakoloni uligeuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka serikalini, kisha akarukia sheria mbili za 1999, Na. 4 ya Ardhi na Na. 5 ya Ardhi ya Vijiji. Tukakariri vifungu, tukafanya mtihani, yakaisha. Huku juu unapewa hukumu moja ukae nayo wiki mbili, halafu unaulizwa kwa nini jaji aliandika sentensi hii na si ile.

Hukumu iliyoning'ang'ania mimi ni ya Lohay Akonaay. Baba na mwanawe, wakulima wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, mkoani Arusha. Mwaka 1987 walikwenda mahakamani kudai shamba lao la kimila, wakashinda, wakarudishiwa. Rufaa ya wapinzani wao ikiwa bado haijaamuliwa, Bunge likapitisha Sheria Na. 22 ya 1992, iliyofuta haki za kimila za waliokuwa na ardhi kabla ya Operesheni Vijiji, ile ya miaka ya 1970 ya kuwahamishia watu vijijini, ikafuta na kesi zenyewe. Fikiria umeshinda kesi, halafu unaambiwa haki uliyoshindia haipo tena, na fidia ni ya maendelezo tu. Wakaenda Mahakama Kuu kuipinga sheria hiyo kwa Katiba, wakashinda tena. Serikali ikakata rufaa.

Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijenga hoja kwamba mtu mwenye ardhi ya kimila hamiliki ardhi, anaitumia tu. Chake ni kile alichoendeleza juu yake. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiandika, ilijibu Desemba 1994 kwamba hoja hiyo ikikubaliwa, wakazi wengi wa Tanzania Bara watakuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Halafu ndiyo inakuja sehemu niliyoipigia mistari ya penseli mpaka karatasi imechakaa: haki za kimila, kwa asili yake, ni haki za kukalia na kutumia ardhi, si zaidi, hata hivyo ni mali, na ibara ya 24 ya Katiba inazilinda.

Mwenzetu mmoja, afisa ardhi wa halmashauri, anasema hapo mahakama ilitoa kwa mkono wa kulia ikachukua kwa wa kushoto. Wengine wanamrudisha kwenye Tume ya Rais ya masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, iliyopendekeza mamlaka ya juu ya ardhi yatoke mikononi mwa serikali kuu, na kwa ardhi ya vijiji yaende kwenye mikutano mikuu ya vijiji. Sera ya Ardhi ya 1995 haikukubali. Kwa maoni yangu Tume ilikuwa na hoja nzito zaidi, ila ubishi wenyewe sasa umenichosha, kwa sababu wote wanaoubishania wanasimama nje ya ua wakitazama serikali. Mimi nilianza kutazama ndani ya ua.

Kwetu ni Moshi vijijini. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la Kichaga, kimezungushiwa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, na kila mtoto anajua ukiling'oa sale umetangaza vita. Shangazi yangu alirudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, akakatiwa kipande upande wa chini, karibu na mfereji. Analima maharage na magimbi, anakata majani ya ng'ombe. Lakini mti wa mbao hakati mpaka amuulize baba mdogo, na siku alipotamka kwamba angependa kuuza robo ya kipande hicho amsomeshe binti yake, kikao kilikuwa kifupi sana. Kulima ruksa, kuuza hapana.

Ndipo nikairudia kesi ya Holaria Pastory, ambayo zamani niliisoma kama kesi ya haki za wanawake tu, jalada lingine kabisa. Mama wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Mtoto wa kaka yake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha kudai kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Atumie akiwa hai, basi. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mila hiyo inagongana na ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi.

Ziweke hukumu hizo mbili mezani. Serikali ilimwambia mkulima: wewe unatumia tu. Ukoo ulimwambia binti: wewe unatumia tu. Hoja ni ileile, na kesi ya kwanza ililetwa na baba na mtoto wa kiume.

Njia ya Mwalusanya nayo haikunyooka. Wajane wawili waliofukuzwa na ndugu wa waume zao walipinga kanuni za mirathi ya kimila za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuna ubaguzi lakini ikasita kuzifuta, na shauri likafika kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imekiuka mkataba. Wakati huohuo, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Mirathi inasema hivi, ardhi inasema vile.

Nikampelekea msimamizi wangu pendekezo la tasnifu: je, haki ya binti ya kulima tu kwenye ardhi ya ukoo ni mali chini ya ibara ya 24? Alijibu kwa swali moja. Kesi ya Akonaay ni raia dhidi ya serikali. Ukoo si serikali, utavukaje hapo?

Nilichomwandikia jana usiku ni kwamba ukoo peke yake ni vikao na kelele. Mila inapata meno pale hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anapoitumia kutoa amri, na hakimu ni serikali. Amerudisha asubuhi hii na neno moja pembeni: "Thibitisha." Kwa hiyo likizo hii naombea kibali cha kusoma majalada ya mahakama za mwanzo, nianzie wilaya ya kwetu.